Isale la Kaya Namba Nne

Nilipigiwa simu kwamba chuo cha biashara nilichosoma Moshi kinatimiza miaka hamsini, na kwamba ripoti yangu ya mafunzo ya vitendo itawekwa kwenye maonyesho, ndani ya kioo, nami nitapanda jukwaani kuielezea. Napenda sifa, sikatai. Ofisini kwetu Singida nilitangaza mpaka kwa mlinzi. Jioni nikatoa nakala yangu sandukuni, nikafika ukurasa wa mwisho: "Kahawa ya kaya namba nne ing'olewe yote, ipandwe nyanya." Furaha yote ikaniishia hapo.

Kaya namba nne ilikuwa ya Mama Aloyce wa Uru, aliyenipokea wiki tano nikiwa mwanafunzi. Alinilisha mtori wa ndizi na nyama, akanipa blanketi lake. Mumewe alikuwa kikazi Tanga, sikumwona hata siku moja. Siku ya kuaga nilimsomea mama ushauri wangu, akaitikia tu kwamba haya, mwanangu, wewe ndiye umesoma. Miaka kumi na saba ikapita, sikurudi wala sikuuliza. Sasa nikajiapiza kwamba sipandi jukwaani kabla sijajua alifanya nini.

Alhamisi alfajiri niliondoka na basi, dumu la asali miguuni. Babati ilinipita nikisinzia. Baada ya Arusha usingizi ukawa wa vipande vipande: nikifumba macho naona kahawa imechanua nyeupe chini ya migomba, na harufu yake naisikia kabisa, nikifumbua naona vumbi na alizeti. Bomang'ombe tulisimama, watu wakanunua ndizi madirishani. Nikatazama upande wa mlima. Palikuwa na wingu tu, limetulia. Niliingia Moshi sina hakika kama nimeamka.

Ijumaa asubuhi, chuoni, mafundi walikuwa wakipaka chokaa mawe ya njiani na kusimamisha mahema. Ripoti yangu ilikuwemo kwenye kioo kweli. Mwalimu mmoja kijana, msimamizi wa maonyesho, aliniomba niseme dakika tano jinsi elimu yetu ilivyobadilisha maisha ya mkulima.  Nikachukua bodaboda, nikapanda Uru.

Saa nne Uru ilikuwa ndani ya ukungu. Maji ya mfereji yalisikika, hayakuonekana. Mtu alikohoa karibu nami, sikujua ni upande gani. Nilitembea nusu naota, nikaipita ile nyumba mara mbili, kwa sababu nilikuwa natafuta kahawa na kahawa haikuwepo. Kihamba kile, shamba la ukoo lililokuwa giza kwa kivuli cha mibuni, kilikuwa kimejaa mabingobingo, majani marefu ya kulishia ng'ombe.

Mama Aloyce alitoka jikoni na kunitambua kabla sijamaliza hodi. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akaongeza kwamba nimenenepa. Tukaketi kibarazani, akanisimulia bila haraka. Aling'oa wiki ile ile niliyoondoka, wanawe wakimsaidia. Wakapanda nyanya, ukungu ukaziozesha misimu miwili mfululizo. Krismasi mumewe akarudi nyumbani, kama Wachagga wote wanavyorudi, akakuta mibuni aliyoipanda yeye na baba yake imekuwa kuni.

"Alisimama pale getini," mama alisema. "Hakunigombeza. Ila tangu siku ile kahawa alikuwa anakunywa kwa jirani, mpaka tulipomzika."

Nililia, sioni aibu kusema. Nikasukuma dumu la asali mbele yake, nikaanza kuomba radhi, maneno yakagongana mdomoni. Akaninyamazisha kwa mkono. Akachukua kisu, akaenda kwenye uzio wa masale, yale majani marefu ya kijani yanayozunguka vihamba vya huku, akakata shina moja, akaniwekea kiganjani.

"Huku msamaha hauombwi kwa asali. Toka nje, urudi na isale hili."

"Lakini mama, umelikata wewe mwenyewe."

"Ningesubiri mpaka uijue desturi yetu, ningekufa."

Nikatoka mpaka getini, mtu mzima na miaka yangu arobaini, nikasimama ndani ya ukungu pale aliposimama mumewe. Nikarudi nimelishika kwa mikono miwili, nikasema nimekosa. Kwa desturi yao anayekuja na isale hakataliwi. Akalipokea, akaniwekea mkono kichwani, akaukalisha pale muda mrefu. Kisha akalikata katikati na kunirudishia kipande cha chini, kinachoota kikichomekwa.

"Langu nimepokea. La Baba Aloyce utamletea Jumapili, ukishawaambia ukweli hao walimu wako."

Jumamosi mahema yalijaa suti, na bendi ya tarumbeta ikapiga mpaka miti ikatikisika. Nikaitwa. Hotuba tamu nilikuwa nayo mfukoni, na niliitamani, naungama. Nikaingiza mkono mkobani nikagusa isale. Nikasoma ile sentensi ya mwisho, nikasema kaya namba nne ina jina, ni Mama Aloyce wa Uru, na kwamba ushauri wangu uliharibu kihamba chake na ukaingia mpaka kwenye ndoa yake. Hakuna aliyepiga makofi. Baadaye yule mwalimu kijana alinifuata taratibu, akauliza kama aitoe ripoti kwenye kioo. Nikamwambia aiache, ila chini yake aandike kwamba nyanya zilioza.

Jumapili baada ya misa nilipanda Uru. Kaburi la Baba Aloyce liko nyuma ya nyumba, katikati ya migomba. Nilichimba kwa mikono, nikalipanda isale upande wa kichwani, nikamwambia yote kwa sauti ndogo, mtu nisiyewahi kumwona. Mama alisimama kando, hakunisaidia. Alipoona nimenyamaza akaenda jikoni. Moshi wa kuni ukapanda, kisha harufu ikaja, nikadhani ni ile ndoto ya kwenye basi. Alikuwa ameomba kahawa kwa jirani. Ilikuwa mara ya kwanza kuchemshwa nyumbani humo tangu ile Krismasi. Alileta vikombe vitatu, kimoja akakiweka juu ya kaburi.

Jumatatu, basi la kurudi lilipofika Bomang'ombe, wingu lilifunguka na mlima ukawa pale, mzima, mweupe juu. Niligeuza shingo kuutazama mpaka ukapotea. Wiki tano nilihesabu mibuni ya nyumba ile mmoja mmoja, na sikuuliza hata mara moja ni nani aliyeipanda. Siku hizi wanafunzi wa mafunzo wakija ofisini kwetu, hilo ndilo swali la kwanza ninalowatuma nalo kwa wakulima.