Tulivyoibembeleza Picha ya Kaka

Sijui nilimwambia baba mara ngapi kwamba kompyuta ile inataka kuzimwa. Si kuuzwa, si kutupwa, si kupelekwa kwa fundi wa Katindo. Izimwe tu, halafu iwashwe upya. Baba alinitazama kana kwamba nimependekeza tumwage maji ya kunywa.

"Umeme iko, na unataka kuzimisha? Weye mutoto haukuona taabu."

Taabu niliiona. Shule yote niliisomea kwenye kibatari. Lakini tangu umeme unaokaa ulipoingia nyumba yetu ya Mabanga, baba hakuzima kitu tena. Redio ilizungumza na viti, taa ya uani iliwaka jua likiwa utosini. Na kompyuta ya sebuleni ndiyo ilikuwa mboni ya jicho lake, maana kwayo alimwona kaka yetu mkubwa, aliyeko Kanada na ambaye karatasi zake za ukaazi bado hazimruhusu kusafiri.

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta, nina kibanda Murara, kwa hiyo habari za kasoro hunifikia. Ilitoka tahadhari kwamba katika mfumo tunaoutumia, ile programu ndogo inayoongoza antena ya Wi-Fi ina ubovu. Kila inapoona mtandao jirani inachukua kipande cha kumbukumbu ya kompyuta, na ikimaliza kazi hairudishi. Ni kama jirani anayeazima sahani kila penye sherehe; siku unayotaka kula, kabati tupu. Tahadhari iliongeza kwamba mtu mbaya aliye karibu anaweza kuijazia mashine mitandao ya uongo makusudi mpaka ianguke. Dawa ilikuwepo, niliiweka kwa mikono yangu. Lakini dawa hiyo haianzi kazi mpaka mashine izimwe.

"Zamani haikukuwa inagonjwa," baba alisema, na kilichoniudhi ni kwamba alisema kweli. Zamani umeme ulikatika kila siku, ukaifuta kumbukumbu bila kumwomba mtu ruhusa.

"Tutaizimisha nyuma ya mahari," akamaliza. "Mukubwa wako akishaongea."

Mahari ilikuwa ya dada yetu. Katika ukoo wetu uliotoka vilima vya Masisi, ng'ombe hawapokelewi mpaka kaka mkubwa wa binti akubali kwa kinywa chake. Wala hakubali upesi. Upande wetu unakataa kwanza, wakwe wanabembeleza, bia inaongezwa, watu wanacheka. Ni mchezo, lakini neno lake lisiposemwa, wakwe wanarudi na ng'ombe wao na ndoa imekufa. Dada alikuwa amemngoja yule kijana tangu wakiwa shule.

Siku yenyewe wakwe waliijaza sebule, kila mmoja na simu yake, na nusu ya simu hizo zikigawia nyingine mtandao. Nilipoona kishale kinajikokota kwenye kioo, nilijua sahani zinaazimwa. Mtu mbaya wa kwenye tahadhari hakuhitajika. Tulikuwa tumemwalika na kumpa kiti. Nikamnong'oneza baba. Akanikanyaga mguu.

Msemaji wao akasimama, akakiinamia kioo, akaomba binti. Kaka akainua kidevu, akavuta pumzi, akafumba mdomo. Akabaki hivyo.

Mimi nilijua papo hapo kwamba picha imeganda. Sebule nzima ikaona kaka anayekataa kwa heshima.

"Muzee wetu wa Kanada iko nguvu!" msemaji akacheka, akaamuru kasiksi, ile pombe ya ndizi, iongezwe. Akaomba tena. Kaka kimya. Akaongeza ndama. Kaka hakupepesa jicho. Baba mdogo, aliyekuwa msemaji wetu, alitabasamu mpaka magego yakaonekana. Nikasimama.

"Papa, machine imekufa. Kaka haongei."

"Kaa! Mutoto haongei wakati mukubwa wake iko anafikiri."

"Hafikiri! Ile ni picha!"

"Nimesema kaa!"

Nikampigia kaka simu chini ya meza. Haikupokelewa. Alikuwa ameizima sauti, kama nilivyomwagiza mwenyewe.

Walipoomba mara nyingine na kaka akazidi kuwatazama tu, kicheko kiliisha. Mzee mmoja wa upande wao akavaa kofia yake.

"Kama hamututake, museme. Hatukukuja kutukanwa na mutu wa ku télé."

Wakaanza kusimama. Hapo mlango wa chumba ukafunguka, akatoka dada, ambaye haruhusiwi kuonekana kabla hajaitwa. Akapita mbele ya wakwe bila salamu, akainama nyuma ya meza na kuung'oa waya ukutani.

Baba alitoa sauti ambayo sijaisikia hata msibani. Kioo kikawa cheusi. Dada akaurudisha waya, akasimama pale pale. Mashine ikawaka nyepesi kama mpya, nikapiga, na kaka akatokea akipangusa macho.

"Mbona mulinikata? Nilisha kubali! Nikaongea na dada. Niliwaona mumeinamisha vichwa, nikajua munasikiliza."

Kumbe kwake nako sisi tulikuwa tumeganda. Alikuwa amemuaga dada yake kwa maneno aliyoyatunza tangu aondoke nyumbani, mbele ya picha ya watu.

Vigelegele vikapasuka, mzee akavua kofia, baba akakumbatiwa. Dada peke yake hakusogea.

"Kaka, rudilia. Uliniambia nini?"

Kaka akafungua mdomo, akaitazama ile sebule iliyokwisha kuanza kuimba.

"Nimekubali," akasema. "Ni hayo tu."

Si hayo tu, na hasira yangu haijaisha hadi leo. Dada amemuuliza tena kwa simu. Anajibu kwamba hakumbuki vizuri. Redio bado inazungumza na viti. Lakini hadi alipopelekwa kwa mumewe, kila jioni dada aliinama nyuma ya meza akaizima kompyuta, na baba akageukia ukuta asione. Jioni ya kwanza baada ya dada kuondoka nilifika nyumbani nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nikaikuta imezimwa, na baba amekaa mbele yake.