Jozi ya Nne ya Waipa

Mtu akinunua waipa mara tatu ndani ya kiangazi kimoja, muuza spea hana haja ya kuuliza maswali. Mimi sikuuliza. Biashara hii niliianza na sinia la plagi kuukuu, nikitembea gereji kwa gereji, na somo la kwanza nililolipata ni kwamba mteja anayejua anachotaka hasumbuliwi. Lakini mteja huyu alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, na alipokuja kulalamikia jozi ya tatu hakunong'ona.

"Shemeji, unaniuzia feki! Kioo kina ukungu kuliko jana."

Mtaani wanamwita Bila Mkwaruzo. Miaka thelathini na moja aliwaendesha wakurugenzi, mmoja baada ya mwingine, na siku ya kustaafu alirudisha gari bila mkwaruzo hata mmoja. Habari hiyo anaitoa mwenyewe, kwa hiyo imethibitishwa. Gari la familia, lile dogo jeupe, analiendesha yeye tu. Mdogo wangu aliendesha gari la mikate miaka minne kabla ya kuolewa, na leseni yake ameihuisha kila ilipoisha. Inakaa kwenye droo ya kabati pamoja na vyeti vya watoto. Tangu ndoa hajashika usukani. "Nyumba moja, dereva mmoja," husema mumewe, utadhani ni sheria ya barabarani.

Neno feki halina dawa katika kazi yangu. Likitoka kwa mtu baki unalikana, likitoka kwa ndugu watu wanaliamini. Nikafunga duka saa kumi, jambo ambalo sijalifanya hata kwa misiba ya mbali, nikachukua jozi ya nne na kumfuata kwake. Nilikuwa na sababu nyingine pia. Kesho yake alfajiri ndiye angempeleka mama yetu kliniki, saa mbili na nusu za barabara kuu, malori mbele na nyuma. Kama waipa zangu ni mbovu, nilitaka kujua leo, si kesho kwa simu.

"Zifunge mbele yangu," nikamwambia. "Nione kosa ni la bidhaa au la mkono."

"Mkono huu?" Akacheka. "Simama hapo dada, usome."

Na kweli nilisoma. Aliinua mkono wa waipa ukasimama wima. Akakunja taulo na kulilaza juu ya kioo, maana mkono mtupu ukijirudisha kwa springi yake unapasua kioo, na kioo si bei ya waipa. Akabonyeza kilimi kidogo kwenye ndoano, akaivuta ile ya zamani kwenda chini, ikachomoka. Mpya akaipandisha mpaka ikalia ta! Ndefu upande wa dereva, fupi upande wa abiria. Nimeona mafundi wenye ovaroli na vyeti wakizichanganya, zikagombana katikati ya kioo kama mawifi. Yeye hakukosea. Dakika nne tu.

Ila hakuangalia hata mara moja. Vidole vilipapasa ndoano, vikatafuta kilimi, vikapima urefu wa kila waipa kwa shibiri. Uso aliuelekeza juu, pale ukuta unapoishia, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Maboksi yalikuwa na inchi zilizochapwa kwa tarakimu nene kama kidole gumba. Hakuyatupia jicho.

Mkono hauna kosa, nikasema moyoni. Tupime bidhaa.

Tukaingia garini, yeye kwenye usukani, mimi kando yake. Mdogo wangu akasimama mbele ya boneti, mgongo ameupa uwanja, akatumwagia maji ya ndoo kwa kopo. Waipa zikaenda, zikarudi. Kioo kikawa kama hakipo. Niliona paka juu ya ukuta wa mwisho wa uwanja, na kovu lake la puani.

"Haya," nikasema.

"Haya nini? Ukungu si huo!"

"Uko wapi?"

"Mbele yako, shemeji. Au na wewe huoni?"

Nikanyoosha kidole. "Pale kwenye kamba kuna mashuka mangapi?"

Kabla hajafungua mdomo, mdogo wangu alilalama huko nje, kama anaongea na ndoo: "Jamani, haya mashuka yangu matatu yatakauka lini?"

"Matatu," akasema mumewe.

Yalikuwa mawili. La tatu upepo ulikuwa umeliangusha nyuma ya mgongo wa mwenyewe.

Mdogo wangu si msemaji. Utotoni ulimvuta maneno kama unavuta ndoo kisimani. Lakini ndani ya gari lile amekuwa kasuku: "Maskini, yule mama anavuka na mtoto. Lo, lori limepaki katikati ya njia! Hii taa nyekundu leo itatuchelewesha." Tulikuwa tukimcheka. Mama akasema ndoa imemfungua kinywa. Mficha maradhi, tunaambiwa, kilio humuumbua. Hatukuambiwa habari za mke anayemfichia.

Nikatoa kichwa dirishani. "Tangu lini?"

Akatazama kopo. "Mwaka jana, dada."

"Ni waipa tu," akasema shemeji.

Mtu mwingine angelia nao. Mimi nikataja bei.

"Gari liuzwe. Leo hii. Mnunuzi ninaye." Sikuwa naye. Anayetaka shati huanza kwa kuulizia suti.

"Kuuza! Gari hili? Gari ambalo halina..."

"Mkwaruzo. Najua. Ndiyo maana liuzwe kabla halijaupata. Kesho kiti cha nyuma anakaa mama yangu."

"Shemeji, tuelewane. Mvua ikinyesha, ataendesha mwenzangu."

"Kiangazi hiki? Hiyo si bei, ni salamu."

"Basi barabara kuu yeye, mtaani mimi."

"Mtaani ndiko kuna watoto."

Nikafungua mlango, nikatoa mguu mmoja nje. Mteja hutaja bei yake ya kweli akishaona kisogo chako.

"Na funguo?" Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Za kwako. Mfukoni mwako. Anayetaka kuendesha atakuja kukuomba."

"Kila siku?"

"Kila siku. Na kesho mama akiingia kwa daktari wake, wewe unaingia kwa daktari wa macho. Akikuruhusu kwa maandishi, rudi kwenye usukani."

"Na waipa nafunga mimi."

"Kwani nani mwingine anaziweza?"

Akapangusa usukani kwa kiganja, akashuka, akazunguka mpaka upande wangu na kusubiri nimpishe kiti. Aliamini ameliokoa gari. Sikuona sababu ya kumharibia. Mdogo wangu aliokota shuka lake, akaingia ndani kimya, kisha nikasikia droo ya kabati ikifunguliwa.

Kesho yake jioni mama akanipigia simu.

"Tumerudi salama. Lakini mdogo wako anaumwa? Njia nzima hakusema neno."

"Haumwi, mama."

"Mumewe ndiye kachukua zamu. Breki! Gia! Punguza, kuna lori! Na lori lenyewe lilikuwa kituo cha mafuta."

"Macho yake wamesemaje?"

"Mtoto wa jicho, yote mawili. Kapewa tarehe ya kupasuliwa. Tulipofika hapa akashuka, akalizunguka gari lote akilipapasa kwa mkono. Sijui alikuwa anatafuta nini."

Mimi nilijua. Mkwaruzo hakuukuta.

Tangu hapo hajanunua tena waipa, na kiangazi chenyewe kinaisha. Ila nasikia anawaambia watu kwamba jozi ya nne ndiyo iliyokuwa halisi, na kwamba shemeji yake hatoi kitu kizuri mpaka umkaripie. Wiki hii wamekuja wateja wawili, na wote wawili wameanza kwa kunikaripia.