Sahani Moja na Mama

Nesi wa zahanati aliniambia magoti hayataacha kuuma mpaka mwili upungue. Hakunikataza ugali. Alisema nile taratibu: tonge likiingia mdomoni, mkono ukae pajani mpaka nimeze. Niliona kama ananitania, lakini niliitikia, maana yeye kasoma na mimi niliishia la saba.

Hapa kijijini Mkunya nakaa na mama yangu, wawili tu, na tangu baba afariki tunakula sahani moja. Wakati mimi nahangaika na unene, mama alikuwa anakonda. Majirani waliliona. Nilimpeleka kupimwa, hakukutwa na ugonjwa. Nikajiambia ni uzee.

Siku ya kwanza ya kula taratibu tulikuwa na ugali wa muhogo na kisamvu. Nikatia tonge, mkono nikauweka pajani. Mama akanitazama.

"Vipi, na wewe umeng'oka meno?"

"Nesi kasema nisikimbie, mama."

"Haya. Basi tutamaliza kesho."

Tukacheka. Lakini mkono ulipokosa kazi, macho yakapata kazi. Nikamwona mama anavyokula. Anamega kidogo, anafinyanga, anatafunia upande wa kushoto ambako meno yamebaki mawili matatu. Kwa tonge lake moja, mimi zamani ningekuwa nimemeza matatu. Na siku zote nilipomaliza, sahani ilikuwa nyeupe, naye alisema ameshiba.

"Mama, ulikuwa unashiba kweli?"

Akamega tonge jingine. "Ulikuwa unatoka kuokota korosho, una njaa. Ningekunyang'anya?"

Sijui kama ninaandika hili sawasawa. Sitaki kujifanya mbaya kuliko nilivyokuwa. Utotoni tulikula watoto saba kwenye sinia moja, na mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akituhimiza tuchangamke. Lakini ni kweli pia kwamba nilikuwa nakula sehemu yake, miezi sijui mingapi, huku nikimlalamikia nesi kwamba nanenepa bila sababu.

Siku iliyofuata nilimpakulia sahani yake peke yake. Akaisukuma.

"Nina ugonjwa gani hata unitenge?"

Nikaona nimekosea. Nikarudisha chakula chote kwenye sahani moja, tukala kama kawaida.

Mimi nimepungua kidogo. Sijui ni kwa kutafuna au kwa kumwangalia yeye. Juzi mchana niliacha kula mapema, nikabaki nimekaa pale, nikimsimulia habari za kanisani ili asione kwamba namngoja. Alikula bila haraka, akaniuliza ni nani aliyeimba vibaya, akaendelea kula, mpaka vidole vikakwaruza sahani. Kisha akauliza kama kwenye sufuria kuna kisamvu kimebaki.

Sikumbuki ni lini mama aliwahi kuomba kuongezewa. Nikainuka nikaenda kuchungulia.