Bi Zuhura Hana Neno

Nyanya ndiye aliyenituma Mombasa. Yeye hupata pesa za serikali za wazee hapa Kitui. Mdogo wake, Bi Zuhura, aliyeolewa Mji wa Kale na kusilimu kabla sijazaliwa, hapati, na miguu yake imepooza tangu apigwe na kiharusi. Serikali ni moja. "Wewe umesomea maendeleo ya jamii," Nyanya akasema. "Nenda uone huko wanaandika watu vipi. Wakifunga uandikishaji mara hii, ndugu yangu hataifikia mara nyingine." Sikuwa na kazi, kwa hiyo sikuwa na kisingizio.

Kibwezi, basi liliposimama tule, sikula. Nilikuwa nawaza: nimwamkie kwa shikamoo au kwa salamu aleikum, nami ni Mkristo? Na akinijibu kwa Kiarabu je? Kufikia Voi tulikuwa tumeshakosana, na hata hatujaonana.

Mwembe Tayari, basi lilipotushusha Mombasa, niliwakataa wabeba mizigo kwa maneno marefu ya heshima, hadi mmoja akaniuliza kama nagombea kiti. Mji wa Kale nikapotea vichochoroni, nikaona haya kuuliza. Hatimaye muuza kahawa mmoja akaniita. "Weye wamtafuta nani? Watuzunguka kama askari wa doria."

Bi Zuhura alikuwa kitandani katika chumba cha chini, amejifunga leso mpya, udi unafuka.

"Shikamoo salamu aleikum," nikasema kwa pumzi moja.

"Marahaba, mjukuu wangu. Na hiyo nyingine pia."

Jioni ile nikaelewa kilichotokea. Kwetu uandikishaji ulifanyika barazani kwa chifu. Nyanya alivua viatu kwanza, akasimama akaitangaza njaa yake, na majirani wakaongeza shida ambazo hata yeye hakuzijua. Hapa waandikishaji walipita nyumba kwa nyumba. Bi Zuhura aliazima sinia, akawaagizia kwa jirani kahawa na kaimati, na kila walichomuuliza akajibu: alhamdulillahi, hatuna neno. Wakala, wakashukuru, wakaenda zao.

Asubuhi nilikwenda ofisini kwa chifu nikaeleza kwa kirefu, mpaka afisa mmoja, dada wa rika langu, akakubali kuja, nadhani ili ninyamaze. Mzee wa mtaa akafuatana nasi. Sinia ikaletwa tena.

"Bibi, chakula mwapata?" afisa akauliza.

"Alhamdulillahi, hatuna neno."

Hapo nikaitoa hotuba niliyoitunga usiku kucha: kwamba bibi huyu ni maskini, kwamba hula akiletewa na majirani.

Bi Zuhura hakunitazama. "Mjukuu wangu amechoka na safari," akamwambia afisa. "Maskini hukaa mlangoni pa msikiti siku ya Ijumaa. Hapa hapana."

Afisa akaanza kufunga mkoba wake. Nikaona nimesafiri kutwa nzima kuja kumfutia Bi Zuhura nafasi yake kwa mdomo wangu mwenyewe. Kisha yule dada akasita, akatutazama mimi na mzee wa mtaa.

"Kaka, nina kiu. Nendeni na mzee mkanitafutie ndimu."

"Ndimu zimo kwenye sinia," nikasema.

"Nyingine."

Mzee akanivuta mkono. Huko nje alikiri kwamba mara ya kwanza yeye na afisa aliyekuja, mwanamume, walikaa papo hapo nilipokaa mimi, na kaimati zilikuwa tamu mno.

Tuliporudi, pazia lilikuwa limeshushwa. Afisa alikuwa anapiga mwayo wa kujifanya, ili ionekane hapakuzungumzwa lolote, Bi Zuhura amejifuta macho, na ameandikwa. Nilipouliza alisema nini, akanipa kaimati.

Ndani ya basi la kurudi sikufanya mazoezi ya salamu wala hotuba. Kwetu mhitaji husikika akipaza sauti. Kule husikika wengine wakitoka.

Kitui, Nyanya alitaka kujua nilitumia maarifa gani. Nilitafuta jibu la kisomi, nikalikosa.

"Nilitoka nje kununua ndimu."

Nyanya akasema, "Basi kweli umesoma."