Swali la Wanawake wa Minago

Consolata alinipigia simu kutoka Rumonge akaniomba nivuke mpaka nikamsaidie. Ni Mrundi aliyekulia ukimbizini huku kwetu Kigoma, na tulisoma darasa moja. Siku hizi anasimamia mfuko mdogo wa jamii. Wajitoleaji wake hukaa kikao kuamua kikundi gani kisaidiwe.

"Wanaopata ni wale wanaofanana na sisi," aliniambia. "Wanawake wa Kikongomani wanaokausha samaki kule Minago wametoka mikono mitupu mara mbili. Watu wangu si wabaya, dada, ila hawajioni."

Mimi huwafunza wajitoleaji wa namna hiyo hapa nyumbani. Nikafunga begi.

Manyovu nilivuka mpaka, nikateremka kupitia Mabanda hadi Nyanza-Lac. Kuanzia hapo barabara inafuatana na ziwa. Michikichi inapanda kilimani upande wa kulia. Jirani yangu garini aliposikia Kiswahili changu alitabasamu. "Nilizaliwa kambini kwenu," akasema, akanigawia ndizi zake. Ukarimu ulianza mapema.

Rumonge, Consolata alinipokea kwa mukeke, samaki wa ziwani, wa kukaanga na ugali wa muhogo. Kesho yake asubuhi tulianza mafunzo katika ukumbi wa parokia. Nilipouliza kwa nini Minago walikataliwa, alijibu Mwalimu Sylvestre, mstaafu ambaye wote wanamheshimu.

"Waliingia kikaoni, hawakuuliza hata habari za nyumbani. Wakasema tu, tunataka tanuri ya kukaushia samaki. Ni kama walikuja kuchukua kitu chao."

"Na kazi yao ilikuwaje?" nikauliza.

Alifikiri. "Kazi yao hatukuizungumzia sana."

Nilikuwa nimeandaa masomo ya siku nzima. Niliyaweka kando, nikawaomba twende tukawasikilize kwao. Mwalimu akasema, "Iko sawa. Tutaenda."

Minago tuliwakuta wanawake wakigeuza samaki juu ya moshi, mahali pasipo na paa. Kiongozi wao, Mama Furaha, alitoka Uvira, ng'ambo ya Kongo, miaka mingi iliyopita. Alitupa viti, akamgeukia Mwalimu moja kwa moja.

"Baba, tuliomba mara mbili. Mulitukatalia juu ya nini? Mvua iko karibu. Mwaka jana samaki yote ilioza hapa."

Wajitoleaji waliinamisha vichwa. Niliogopa safari yote imeharibika. Mwalimu akavua kofia.

"Mama, nitakuambia ukweli. Mulisema kwa nguvu. Sisi tukaona ni dharau."

Mama Furaha hakukasirika. "Kwetu mutu akizunguka-zunguka, tunasema iko na kitu anaficha. Tulisema wazi ili mujue hatufichi kitu."

"Na sisi tunazunguka ili tusikuumize," Mwalimu akajibu polepole. Kisha akainuka, akaomba aonyeshwe mahali samaki walipoozea. Alikaa na wale wanawake mpaka mchana, akiuliza kuni zinatoka wapi na samaki wanauzwa wapi.

Tuliporudi Rumonge tulikubaliana jambo moja: kabla ya kukataa ombi, kila mjitoleaji aseme mbele ya wenzake kama kilichomsumbua ni kazi ya waombaji au ni namna yao ya kusema. Mama mmoja kati ya wajitoleaji alisema bado anawaona wale wanawake kuwa wakali. Hakuna aliyemkemea. Alipoulizwa kuhusu kazi yao, akasema ni nzuri, akainua mkono kukubali pamoja na wengine. Ombi la tanuri likapita, pamoja na paa lake.

Siku ya kuondoka kwangu, Mama Furaha alinifungia samaki wakavu kwenye gazeti. "Murakoze, dada," akanishukuru, kwa Kirundi cha majirani zake.

Sasa niko Kigoma, na Consolata ameniambia paa limewahi mvua. Nilikwenda nikidhani nitawafunza watu kuuliza vizuri zaidi. Nimejifunza kwamba aliyenyimwa naye anahitaji nafasi ya kuuliza, na aliyemnyima abaki kitini ajibu. Nawashukuru wote walionipokea kando ya ziwa lile. Namshukuru zaidi Mwalimu Sylvestre, ambaye angeweza kukasirika akaondoka, lakini akavua kofia.