Riba ya Wiki

Juzi hapa Nyamwaga nilikuwa kwa mkopeshaji, mtoto mgongoni, dole gumba limeshaingia kwenye wino, na cherehani inayotulisha nimeiweka mezani iwe rehani. Mama mmoja, mwalimu wa sekondari, aliyekuwa nyuma yangu, akaifunika karatasi ya mkopo kwa kiganja.

“Mwanangu, riba ni ya mwezi au ya wiki?”

“Shikamoo mama. Sijauliza.”

Mkopeshaji akamwambia, “Mwalimu, hapa siyo darasani.”

“Darasani walimu wenzangu wananikatalia kuyafundisha haya. Wanasema mambo ya hela yatawaharibu watoto.”

Mkopeshaji akasema chini chini kwamba ni ya wiki. Nikajifuta wino kwenye kitenge, nikabeba cherehani yangu, nikaondoka.

Mama, asante sana. Na hao wenzako waambie hela itatukuta tu, watufundishe wasitufundishe.