Nilimuuliza Mwenyekiti, Sikumwacha Ajibu

Aliyerusha jiwe ni mdogo wangu. Aliyemtia jiwe mkononi ni mimi, kwa mdomo wangu huu huu, mbele ya kijiji kizima. Mdogo wangu yuko gerezani. Mimi niko nyumbani, nakula, nalala, naitwa mama jasiri. Jasiri! Laiti wangejua.

Jina langu sitalitaja, wala la kijiji. Wewe jua tu kwamba niko huku milimani Lushoto, njia ya kwenda Mlalo, na ni mkulima wa bustani. Karoti, kabichi, ndiyo maisha yangu. Maji ya kumwagilia tunayapata kwa mfereji unaoteremka kutoka msituni, na kila mtu ana zamu yake. Aliyekuwa anapanga zamu ni mwenyekiti wetu wa kitongoji. Mzee wa watu, mpole, kikohozi hakimwachi, koti lake lile lile masika na kiangazi.

Mimi na yeye tulikuwa tumeshagombana. Ukingo wa mfereji wetu umepandwa majani ya ng'ombe tangu enzi za wazee, na haulimwi. Kila mtoto wa huku anajua. Mimi nikaulima! Shamba langu ni dogo, na udongo wa pale ni mweusi kama masizi, nikasema kwa nini uote majani bure? Nikang'oa mpaka mizizi, nikapanda karoti.

Mwenyekiti akanikuta. "Mwanangu," akasema, "rudisha majani hayo. Mizizi ndiyo inayoshika maji."

"Shamba ni langu mzee, nenda kalime la kwako!" Nilimjibu hivyo, mtu mzima kama baba yangu, tena mbele ya wanawake wenzangu. Wakacheka. Tangu siku ile nikawa nampita njiani bila hata shikamoo, na huku kwetu hilo si jambo dogo.

Kiangazi kikaingia. Maji yakapungua, halafu huku chini yakakatika kabisa. Kabichi zangu za bondeni zikanyauka. Maharage ya mdogo wangu yakawa yanakauka na maua yake, na yeye alitegemea mavuno yale aoe. Kila jioni anakuja kwangu, anakaa kizingitini mpaka giza. Kilichostawi ni karoti zangu za ukingoni tu. Zilinenepa hizo, wee! Nikawa najisifu eti ni samadi.

Sasa maji yanakwenda wapi? Huko juu karibu na msitu kuna tajiri mmoja mwenye shamba kubwa la kabichi. Siku moja nikamwona Mwenyekiti anatoka getini kwake, kabichi mbili kwapani. Basi. Nilichokiona ni hicho tu, nakuapia.

Ukaja mkutano wa hadhara, uwanja wa shule. Mgeni kutoka wilayani akakaa mbele. Taarifa zikasomwa, watu wanapiga miayo kwa jua. Mwisho mgeni akasema, "Haya, sasa ni maoni ya wananchi. Mwenye la kusema anyooshe mkono."

Nikanyoosha. Moyo ulikuwa unachemka.

"Mheshimiwa, mimi nina swali moja kwa mwenyekiti wetu. Maji yetu umemuuzia nani?"

Uwanja ukalipuka! Watu wanapiga kelele, wanawake vigelegele. Mgeni akainua mkono. "Mama, hayo ni mazito. Una ushahidi?"

Hapo ningeweza kukaa chini. Ningesema nimesikia tu, au nimehisi. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, na mdogo wangu ananitazama.

"Nimeona kwa macho yangu!" nikasema. "Nimemwona alfajiri anamfungulia tajiri maji, sisi tumelala!"

Mwongo mimi! Mwongo mkubwa!

Mwenyekiti akasimama taratibu, akavua kofia. "Mwacheni ajibu," mgeni akasema. Mzee akakohoa, akasema, "Nitajibu. Ila naomba tuinuke wote twende mferejini tukaone. Jana nimeufuata mpaka juu. Maji yanapopotelea ni pale kwenye ukingo wa..."

Hakumaliza. Jiwe lilimpata jicho la kushoto. Nilisikia lilivyolia, hata sasa nalisikia. Mdogo wangu alikuwa tayari na la pili.

Baada ya hapo sijui ni watu gani tulikuwa. Majirani, watu wa kuzikana! Mmoja alimpiga kwa mpini wa jembe mgongoni, mzee akaenda chini, wakamkanyaga. Mwingine akamshika koti akamburuta kwenye changarawe, koti likachanika, na uso wake ulikuwa damu tupu. Mgeni alikimbilia ofisi ya mwalimu mkuu akajifungia. Mzee alikuwa anainua mkono mmoja, kidole juu, kama mtu anayeomba nafasi ya kusema. Wakaupiga na huo mkono.

Na mimi? Nilisimama pale pale. Nilipiga kelele "Mwizi!" pamoja na wengine.

Polisi walipofika alikuwa hajitambui. Wakampeleka yeye hospitali, mdogo wangu na wenzake wakapandishwa kwenye gari.

Asubuhi nikaenda mferejini peke yangu, nikapate cha kuwaonyesha polisi. Nikapanda mpaka juu kwa tajiri. Mlango wake wa maji umefungwa, udongo mkavu, hakuna hata alama ya jembe. Nikateremka na maji, nayafuata, yapo, yanatembea vizuri tu, mpaka kwenye karoti zangu. Hapo yanaishia.

Nikasikia mlio wa maji chini ya ardhi. Nikapiga jembe, ukingo ukatitia. Fuko! Alikuwa amefuata karoti, amechimba handaki mpaka mfereji, na hakuna mzizi wa kumzuia. Maji yote ya watu yalikuwa yanapita chini ya shamba langu na kumwagika korongoni, kwenye vichaka ambako hakuna anayepita.

Nililia pale. Halafu unajua nilifanya nini? Niliziba. Nikakata mgomba, nikashindilia na udongo wa mfinyanzi, nikasawazisha. Mchana maji yakafika bondeni.

Kijiji kikashangilia! "Mmeona? Amekula kipigo, maji yamerudi!" Mikono yangu ilikuwa bado na tope.

Jicho la Mwenyekiti limekufa. Aliporudi kutoka hospitali hakuna aliyemfungulia mlango, maana maji yenyewe yalishashuhudia kwamba ni mwizi. Binti yake akaja kumchukua, yuko Muheza sasa. Mdogo wangu amefungwa, na yule mchumba ameolewa kwingine. Mama yangu kila akimaliza swala anamwapiza yule mzee: "Mungu amlipe, amenitia mwanangu jela." Na mimi naitikia amina. Amina!

Tena wamenichagua kamati ya maji. Majani nimeyarudisha ukingoni. Mama mmoja alipotaka kulima pale kwake, nikamwambia, "Usilime, mizizi ndiyo inayoshika maji." Nilipoyasikia maneno hayo yanatoka kinywani mwangu, nikaacha jembe nikaenda nyumbani.

Wenzangu, sisemi mnyamaze. Viongozi wanaokula wapo, tena wengi. Waulizeni, wabaneni! Lakini ukisema nimeona, uwe umeona. Hasira ikikupanda, kakague kwanza shamba lako. Na ukishamuuliza mtu swali mbele za watu, mwache ajibu, hata kama humpendi.

Mkutano mwingine unakuja. Watasema tena mwenye maoni anyooshe mkono, na safari hii nimeapa nitasimama niseme yote. Mawe ya uwanja ule nayajua. Nitaomba kitu kimoja tu, kile nilichomnyima yule mzee: mniache nimalize.